Sanda ya karatasi: Riwaya za Rwanda na madai ya wafu

KIGALI — Stefania alikuwa na ombi moja ambalo alilirudia mara kwa mara mbele ya binti zake. Siku akifa, alitaka waufunike mwili wake kwa kitenge, kwa sababu maiti ya mama haitakiwi kuonwa na mtu, na kazi ya kuifunika ni ya binti zake. Alilitoa ombi hilo Gitagata, Nyamata, mwendo wa takriban kilomita 30 kusini mwa Kigali, ng'ambo ya mto Nyabarongo. Familia yake ilikuwa imehamishiwa huko kwa nguvu mwaka 1960, pamoja na Watutsi wengine wengi.

Mwaka 1994 Stefania aliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Binti yake Scholastique Mukasonga hakuwepo kumfunika. Alikuwa Ufaransa, alikohamia miaka miwili kabla. Katika ukoo wake waliuawa watu 37. Mwaka 2008 alichapisha kitabu kiitwacho La femme aux pieds nus, yaani mwanamke wa miguu mitupu, na katika kurasa za mwanzo anaeleza kuwa sanda aliyodaiwa na mama yake ameishona kwa maneno, juu ya karatasi.

Waandishi wa hadithi duniani kote huulizwa swali lile lile: haya umeyatoa wapi? Wapo wanaotaja ndoto. Wapo wanaotaja sala, ukimya wa alfajiri, au sauti iliyowajia bila kuitwa. Washairi wa pwani ya Afrika Mashariki walilijibu swali hilo kabla hawajaulizwa: utenzi wa jadi huanza kwa jina la Mungu, kisha ndipo mtunzi huagiza wino na karatasi. Mwana Kupona wa Pate, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alimwita binti yake aje na vifaa vya kuandikia ili amwachie wosia. Kwake ilhamu ilikuwa baraka, nayo iliombwa.

Rwanda jibu hilo lina uzito mwingine. Anayesoma riwaya zilizoandikwa na Wanyarwanda, au juu yao, katika miaka 30 iliyopita, hukuta mara kwa mara jambo moja: chimbuko la hadithi ni deni. Kuna aliyekufa ambaye hakuzikwa, hakufunikwa, hakutajwa jina. Anadai. Na mwandishi, ambaye hana tena kaburi la kuliendea wala mzee wa kuongoza tambiko, anakaa mezani na kuandika.

Mizimu isiyojua mipaka

Katika imani ya zamani ya Wanyarwanda, mtu akiwa hai ana kivuli chake, igicucu. Akifa, kivuli hicho hugeuka kuwa umuzimu, na umuzimu hauendi mbali. Hubaki karibu na nyumba, hukumbuka, hukasirika ukisahauliwa. Familia ilijenga kibanda kidogo nyuma ya nyumba, indaro, na kupeleka hapo pombe, chakula na maneno ya kubembeleza. Kitendo hicho kiliitwa guterekera. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapa. Mzimu ni mzimu, na tambiko ni tambiko, kuanzia Unyamwezi hadi Butare.

Juu ya mizimu ya familia kulikuwa na kubandwa, ibada ya Ryangombe, mwindaji mkuu aliyeuawa na nyati. Hadithi yake inaanza na ndoto. Mama yake aliota ndoto mbaya, akamsihi asiende mawindoni siku hiyo. Hakusikia. Waliobandwa waliamini kuwa baada ya kifo wangeishi naye kwa raha juu ya mlima Karisimbi, na wasiobandwa wangetupwa katika moto wa Nyiragongo. Warundi walikuwa na Kiranga wao, na watu wa Bunyoro nchini Uganda walikuwa na Bacwezi wao. Kaskazini mwa Rwanda na katika Kigezi ya Uganda alitawala Nyabingi, roho wa kike ambaye mtumishi wake Muhumusa aliwasumbua wakoloni hadi wakamkamata mwaka 1911 na kumpeleka Kampala. Ikumbukwe kwamba mizimu hiyo ilivuka mipaka hii karne nyingi kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kufikiria pasi ya pamoja.

Mapadri Weupe walifika Save mwaka 1900. Kwao mambo haya yote yalikuwa ushetani. Mfalme Musinga, aliyekataa kubatizwa, aliondolewa na Wabelgiji mwaka 1931. Mwanawe Rudahigwa alibatizwa Oktoba 1943, na miaka mitatu baadaye aliiweka nchi nzima chini ya Kristo Mfalme. Vibanda vya mizimu vilivunjwa, na waliobandwa wakajifunza kunyamaza.

Kwa hiyo swali la nani angeyahifadhi maneno ya ibada zile lilikuwa swali la haraka. Mmoja wa waliolijibu alikuwa padri mwenyewe. Alexis Kagame, aliyezaliwa mwaka 1912 katika ukoo wa abiru, watunza siri za ufalme, alipata upadri mwaka 1941. Alizunguka kwa wazee akikusanya mashairi ya kifalme ambayo watunzi wake walikuwa wameyatunza kichwani kwa vizazi. Kisha akatunga utenzi wake mkubwa wa Kinyarwanda juu ya uumbaji na wokovu, akaugawa kwa mikesha kana kwamba watu wameketi igitaramo, ile baraza ya jioni ya mashairi na masimulizi. Mkesha wa kwanza aliutafsiri mwenyewe kwa Kifaransa na kuuchapisha mwaka 1952. Hapo Mungu wa Biblia anasifiwa kwa mtindo wa washairi waliowasifu wafalme na ng'ombe wao. Kagame alifariki Nairobi mwaka 1981. Wapo wanaomlaumu kwa kuupamba ufalme kupita kiasi, na lawama hiyo ina msingi, lakini bila daftari zake mengi yangezikwa pamoja na wazee wale.

Mvua hii ni ya nani?

Mukasonga alikuja Kigali kutoka Nyamata kusoma katika Lycée Notre-Dame de Cîteaux, shule ya wasichana iliyopo hadi leo katikati ya jiji. Aliingia kwa mlango mwembamba, kwani nafasi za Watutsi katika shule za sekondari zilikuwa za kuhesabu. Shule hiyo ndiyo iliyompa mbegu ya riwaya yake ya kwanza, Notre-Dame du Nil, iliyopata tuzo ya Renaudot nchini Ufaransa mwaka 2012 na kutengenezwa filamu na Atiq Rahimi mwaka 2019. Katika riwaya, shule imehamishiwa mlimani karibu na chanzo cha Nile, na juu ya chemchemi pamesimamishwa sanamu ya Bikira Maria mweusi.

Msomaji anayetarajia kitabu cha sala atashangaa. Mwanafunzi mmoja, Gloriosa, anataka kuivunja pua ya sanamu kwa sababu anaiona kuwa pua ya Kitutsi. Karibu na shule anaishi mzee wa Kizungu aliyefukua mifupa ya malkia wa kale ili kuthibitisha ndoto zake kwamba Watutsi walitoka Misri ya mafarao. Virginia, msichana wa Kitutsi, ndiye anayetambua kuwa malkia aliyesumbuliwa hajatulia. Hamwendei mwalimu wala padri. Anamtafuta mzee anayejua taratibu za zamani, ili malkia alazwe tena. Na vurugu zinapofika shuleni, Virginia ananusurika kwa kufichwa katika kibanda cha mwanamke anayejua mambo ya mvua.

Lakini mahali ambapo Mukasonga amelikabili jambo hili uso kwa uso ni katika Kibogo est monté au ciel, riwaya ya mwaka 2020 iliyofika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 2022, kitengo cha tafsiri. Kibogo katika masimulizi ya Rwanda ni mwana wa mfalme aliyepaa mbinguni ili nchi ipate mvua. Riwaya inaanza wakati wa Ruzagayura, njaa kubwa ya mwaka 1943 na 1944 iliyoua watu kwa maelfu na kuwasukuma wengine kukimbilia Kongo na Uganda. Ndiyo miaka ile ile mfalme alipobatizwa, na mwandishi anajua anachokifanya anapovikutanisha vitu hivyo viwili.

Mvua haiji. Padri anapanga maandamano ya kuipandisha sanamu ya Maria mlimani. Wazee wanaandamana naye mchana, na usiku wanampelekea ombi Mukamwezi, mwanamke aliyebaki peke yake akimtumikia Kibogo, anayeishi kwenye kibanda ambacho Wakristo wanakikwepa. Mvua inanyesha. Sasa ni ya Maria au ni ya Kibogo? Kijiji kinagawanyika juu ya swali hilo, na mwandishi anakataa kulijibu. Baadaye anatokea Akayezu, kijana wa seminari ambaye jina lake maana yake ni Yesu mdogo. Anaona kuwa kupaa kwa Kibogo na kupaa kwa Yesu ni habari zinazofanana mno, anaanza kuhubiri injili yake mwenyewe, na wakubwa wake hawapendi.

Wasomaji wa Kenya watakumbuka hapa hadithi fupi ya Grace Ogot kuhusu Oganda, binti wa chifu wa Kijaluo aliyepelekwa ziwani kutolewa kafara ili mvua inyeshe. Ogot, aliyeitia katika kitabu chake Land Without Thunder cha mwaka 1968, alimwokoa msichana huyo mwishoni, na mvua ikanyesha vile vile. Waandishi wawili wa kike, mmoja wa Nyanza ya Kenya na mwingine wa Bugesera, walirithi hadithi za mvua, na wote wawili waliichokonoa ile sehemu ambayo wazee hawakupenda iguswe.

Mukasonga anaandika kwa kicheko kuhusu mapadri, kuhusu wazee, hata kuhusu maprofesa wa Ulaya wanaofika kijijini kukusanya habari za Kibogo. Kicheko hicho kinafaa. Mwandishi anayeamini kila njozi hana riwaya, ana mahubiri, na anayezidharau zote hataweza kumfanya Mukamwezi apumue kwenye ukurasa. Katika Sister Deborah ya mwaka 2022 aliendelea na kazi hiyo hiyo. Humo nabii mweusi kutoka Marekani anaponya wagonjwa Rwanda ya miaka ya 1930 na kuahidi kuja kwa mwokozi wa kike. Baadaye anaonekana Nairobi akiitwa Mama Nganga. Anayeijua historia ya Nyabingi hataona ajabu.

Machale ya mama

Inavutia kuangalia Mukasonga anasema nini kuhusu mama yake kama msimulizi. Stefania hakuwa mtabiri. Alikuwa mwanamke mwenye machale, ambaye sikio lake halikulala. Alijua askari wanapita saa ngapi, aliandaa vificho vichakani na kuwazoesha watoto kukimbilia humo bila kuuliza. Nyuma ya nyumba ya bati waliyopewa alijenga inzu, nyumba ya msonge ya nyasi, kwa sababu alihisi kwamba ndani ya ile nyingine hawezi kuishi kama mtu. Baba, Cosma, alikuwa Mkatoliki wa rozari na sala ya jioni. Katika familia hiyo rozari na dawa za mitishamba zilikaa chini ya paa moja bila kugombana sana.

Mwaka 1973, Watutsi walipofukuzwa shuleni na kazini, wazazi walikaa na kuamua. Watoto wawili waliosoma, Scholastique na kaka yake André, wavuke kwenda Burundi. Wengine wabaki. Uamuzi ule ulikuwa na maana ambayo kila mmoja aliielewa: angalau wawili wapone, ili wawepo wa kuwakumbuka wengine. Alivuka akiwa kijana wa shule. Alikuwa na umri wa takriban miaka 50 kitabu chake cha kwanza kilipotoka, mwaka 2006. Kwa mtu aliyepewa wajibu namna hiyo, kuulizwa ilhamu imetoka wapi ni swali lenye ladha ya ajabu.

Wageni waliosikia sauti

Wapo walioandika bila kuwa na ndugu katika makaburi haya. Mwaka 1998 kikundi cha waandishi wa Kiafrika kilikuja Rwanda kwa mwaliko wa Fest'Africa, tamasha la fasihi lililoongozwa na Nocky Djedanoum wa Chad na Maïmouna Coulibaly. Wazo lilikuwa kwamba Waafrika waandike wenyewe kuhusu kilichotokea. Walitembelea Nyamata na Ntarama, ambako watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, na shule ya ufundi ya Murambi, ambako miili iliyohifadhiwa kwa chokaa ilikuwa imelazwa madarasani.

Koulsy Lamko, naye wa Chad, alitoka huko na riwaya inayosimuliwa na marehemu. Katika La phalène des collines, malkia aliyeuawa ndani ya kanisa na ambaye mwili wake umeachwa wazi ili wageni wautazame, anageuka nondo na kuruka juu ya vilima akiwa na hasira. Hasira yake haiwahusu wauaji peke yao. Inawahusu pia wanaokuja na kamera na daftari kumtazama akiwa hajasitiriwa. Lamko alibaki Rwanda miaka kadhaa na kuanzisha kituo cha sanaa na maigizo katika Chuo Kikuu cha Taifa, Butare. Véronique Tadjo wa Ivory Coast, katika L'ombre d'Imana, aliweka sura ambamo wafu wanakataa kuondoka. Wanasumbua walio hai, hadi mganga anaitwa kuzungumza nao na kuwaomba watulie.

Sanda tena. Waandishi hao wawili hawakumjua Stefania wala ombi lake, lakini walifika walipofika binti yake miaka kadhaa baadaye.

Hapa, hata hivyo, pana hatari ambayo haifai kufichwa. Wauaji wengi walipofikishwa mbele ya mahakama za gacaca walisema kuwa shetani aliwaingia. Maelezo hayo yaliwafaa sana. Ukiyaandika mauaji ya kimbari kama kazi ya mapepo, unaweza kusahau kwamba kulikuwa na orodha za majina, mapanga yaliyoagizwa kutoka nje, redio iliyotangaza, na vizuizi vya barabarani vilivyosimamiwa na majirani. Na baadhi ya waliouliwa walikufa wakisali, ndani ya nyumba za sala, wengine kwa kusalitiwa na viongozi wao wa dini. Mwandishi anayetaja roho mjini Kigali anatakiwa ajue neno hilo lilipita wapi kabla ya kumfikia.

Boubacar Boris Diop wa Senegal aliiona hatari hiyo. Alikuja na sifa ya mtunzi wa riwaya za mafumbo. Murambi, le livre des ossements, iliyotoka mwaka 2000, imeandikwa kwa lugha kavu na sentensi fupi, na amekwisha kueleza hadharani kwamba Rwanda ndiyo iliyombadilisha. Mbele ya waliosema waliyoyaona, madoido yalimwona haya. Miaka michache baadaye alichapisha riwaya kwa Kiwolofu. Hapo nako kuna aina ya utiifu kwa kitu kilichosikika, ingawa Diop si mtu wa kuzungumzia mizimu.

Laana kutoka ng'ambo ya mpaka

Mfano ulio wazi kuliko yote katika ukanda huu huenda hauko Rwanda. Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda aliandika Kintu, riwaya iliyoshinda mradi wa miswada wa Kwani? wa Nairobi mwaka 2013 na kuchapishwa mwaka uliofuata. Chimbuko la mkasa wake ni Buganda mwaka 1750. Kintu Kidda yuko safarini kwenda kumtambua kabaka mpya. Anampiga kofi kijana aliyemlea, Kalema, na kijana anakufa. Anazikwa harakaharaka, mahali pasipostahili, na baba yake mzazi haambiwi. Baba huyo ni Ntwire, mgeni kutoka Rwanda. Anapoelewa kilichotokea anamlaani Kintu na uzao wake wote.

Laana hiyo inasafiri hadi mwaka 2004. Wazao wa Kintu, wakiwemo mlokole mwenye msimamo mkali na msomi asiyeamini chochote, wanakusanyika kijijini kwa tambiko la kuutuliza mzimu. Makumbi hatuambii kama laana ni ya kweli au ni magonjwa, umaskini na siri za ukoo. Anaacha kila mmoja aelewe kwa imani yake. Lakini mkasa wote, kurasa mia kadhaa, umetokana na maziko ya mtoto wa Mnyarwanda yasiyofanywa inavyotakiwa. Wachapishaji wa Uingereza walisita kwa muda mrefu kwa madai kwamba kitabu ni cha Kiafrika mno. Nairobi hawakusita.

Barua kwa wasiokuwepo

Hapa Kigali jina linalotajwa zaidi sala na sanaa zinapokutana ni Cyprien Rugamba, mshairi, mtunzi wa nyimbo na mwanzilishi wa kikundi cha ngoma Amasimbi n'Amakombe. Alipita seminari, akaipoteza imani, akairudia mwaka 1982. Kuanzia hapo utunzi wake ulibadilika, nyimbo za dini zikashika nafasi kubwa, na mwaka 1990 yeye na mkewe Daphrose walianzisha Jumuiya ya Emmanuel nchini. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994 waliuawa nyumbani kwao Kigali pamoja na watoto wao sita kati ya kumi. Mchakato wa kuwatangaza wenye heri ulifunguliwa mwaka 2015.

Mtoto wao Dorcy, mwigizaji na mwandishi wa tamthilia, alinusurika. Alishiriki kuandika na kuigiza Rwanda 94, tamthilia ya kikundi cha Groupov cha Ubelgiji ambamo kundi la wafu linaimba madai yake na vivuli vya marehemu vinakatiza matangazo ya televisheni. Ilioneshwa Rwanda mwaka 2004. Miaka 20 baadaye alichapisha Hewa Rwanda, kitabu alichokiita barua kwa wasiokuwepo, akiwaandikia wazazi na ndugu zake moja kwa moja. Baba alizungumza na Mungu kwa wimbo, na mtoto anazungumza na baba kwa barua. Kama msomaji anataka kuita hilo sala, kitabu hakimkatazi.

Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura na anayeishi Kigali, yuko mbali na madhabahu. Hata hivyo riwaya yake Jacaranda, iliyopata Renaudot mwaka 2024, miaka 12 baada ya Mukasonga, ina msichana anayeitwa Stella ambaye kimbilio lake ni mti uliopo nyumbani kwao. Anapanda matawini, anausemesha. Mti unapokatwa, Stella anaugua. Wazee wa kubandwa, waliokusanyika chini ya umurinzi, mti wa maua mekundu wa Ryangombe, wasingehitaji maelezo zaidi.

Karibu vyote hivi viliandikwa kwanza kwa Kifaransa au Kiingereza. Petit pays ya Faye imepata tafsiri ya Kinyarwanda, na nyumba za uchapishaji za hapa Kigali kama Huza Press, iliyoanzishwa mwaka 2015, zinatafuta waandishi wapya. Lakini Stefania alisimulia kwa Kinyarwanda, usiku, kando ya moto ndani ya inzu, na sanda yake imeshonwa kwa lugha ya shule aliyosomea binti yake. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017. Mama wa Nyamirambo anayetaka kumsomea mwanawe habari za Mukamwezi na mvua yake bado anahitaji mtu wa kumtafsiria.

Mukasonga alirudi Gitagata kwa mara ya kwanza mwaka 2004, miaka kumi baada ya mauaji. Palipokuwa na nyumba palikuwa na kichaka. Kabla ya kuandika kitabu chochote alikuwa na daftari tu, la kawaida la shule, ambalo usiku aliandika ndani yake majina ya watu wa Nyamata, mmoja baada ya mwingine, nyumba kwa nyumba, kisha akayaandika upya.